Kabla hujampa fundi hela akupigie Windows, soma huu uzi: virusi, flashi na kraki

Fundi Mabibo (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Nina kibanda changu cha kompyuta hapa Mabibo na maelezo ninayoletewa ni yale yale: "Fundi, imeingiwa na virusi, nipigie Windows upya." Napiga, mteja anaondoka kafurahi. Haupiti muda huyo karudi na laptopu ile ile, tatizo lile lile, na safari hii ananitazama mimi kama ndiye tapeli. Nimeona niandike mara moja, niwe nawatumia linki badala ya kubishana nao dirishani.

Hoja yangu ni moja. Kompyuta ya nyumbani hapa Dar mara nyingi haivamiwi. Mwenyewe ndiye anayekikaribisha kirusi, kwa mkono wake, na mara nyingine anazima ulinzi kwanza ili kipite vizuri. Hakuna hakeri wa Ulaya aliyekesha akiitafuta laptopu yako ya Buguruni. Kuna flashi, na kuna kraki, yaani programu ya kulipia iliyovunjwa leseni ili itumike bure. Mengine yapo na nitayagusa, lakini hayo mawili ndiyo yananilisha mimi na wanangu.

Mtaani kila programu mbaya tunaiita virusi na sina ugomvi na hilo. Ila tabia zinatofautiana, na usipojua umepatwa na ipi utatibu malaria kwa dawa ya minyoo. Kirusi chenyewe hasa kinajibandika kwenye faili na kusubiri ulifungue. Mnyoo hausubiri mtu, unatembea wenyewe kutoka mashine hadi mashine kwa mtandao. Trojani inakuja imevaa nguo ya kitu unachokitaka: gemu, kitabu cha bure, kraki ya Office. Halafu kuna wezi wa kimya, wanaokomba paswedi zilizohifadhiwa kwenye brauza na kuondoka bila kompyuta kuwa nzito hata kidogo. Na kuna wafungaji, wanaofunga mafaili yako yote na kudai hela ndipo wayafungue. Hao ndio wanaotoa watu machozi mbele yangu.

Mchezo huu si wa jana. Mwaka 1986 ndugu wawili wa Lahore, Pakistan, waliandika Brain, kinachohesabiwa kuwa kirusi cha kwanza cha kompyuta aina ya IBM PC. Humo ndani waliweka majina yao, anwani na namba za simu, hawakuwa na habari. Kilisafiri kwa disketi. Mwaka 1989 disketi takriban 20,000 zilitumwa kwa posta kwa watu wa nchi mbalimbali, wakiwemo waliohudhuria mkutano wa Shirika la Afya Duniani kuhusu UKIMWI, zikiwa na programu ya kupima hatari ya mtu kuambukizwa. Kompyuta ikishawashwa mara 90, majina ya mafaili yanavurugwa na mashine inataka dola 189 zipelekwe kwenye sanduku la posta huko Panama. Angalieni hapo: kitu kimetoka nje, kinaonekana cha maana, mwenye kompyuta anakiingiza mwenyewe. Toa disketi weka flashi, toa Panama weka bitcoin, umefika leo.

Nakuja na sehemu ya flashi. Msiniwahi.

---

mangi_wa_tegeta

Tupia nondo fundi, nimekaa siti ya mbele na karanga zangu.

---

Binti Kigamboni

Kaka fundi, kabla hujaendelea. Nilipeleka flashi steshenari kuchapisha fomu, kurudi nyumbani naona kitu kimoja tu chenye alama ya mshale, kina jina la flashi yenyewe. Nikikifungua mafaili yangu yapo. Sasa hicho ni kirusi au ni mapambo?

---

Fundi Mabibo

Dada, hicho ni kirusi na umeshakifungua, kwa hiyo sasa kipo kwenye laptopu pia. Usijilaumu, kimetengenezwa ili ukifungue.

Nikueleze kwa nini kiko hivyo. Zamani, enzi za Windows XP, flashi ikichomekwa tu kompyuta ilikuwa inaendesha yenyewe programu iliyomo. Mnyoo uitwao Conficker, uliotokea mwaka 2008, ulifaidika sana na mwanya huo. Windows 7 ikaja na mwanya huo umezibwa kwa flashi, na Februari 2011 Microsoft ikasambaza apdeti ya kuuziba hadi kwenye XP na Vista. Kuanzia hapo kirusi cha flashi kwa kawaida hakiwezi kujiwasha hivi hivi. Kinahitaji kidole chako. Ndiyo ikazaliwa hii mbinu ya shotikati, yaani ikoni ya njia ya mkato: kinayaficha mafaili yako yote, kinaacha ikoni moja inayofanana na flashi, wewe unabofya kwa sababu ndiyo njia pekee unayoiona. Ukibofya yanafanyika mawili kwa pamoja, kirusi kinawaka na folda inafunguka. Unaona mafaili yako, unashusha pumzi, unaendelea na maisha.

Ukitaka kukihakikisha, bofya ikoni hiyo kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua "Properties", angalia mstari wa "Target". Shotikati halali itaonyesha njia ya kwenda kwenye folda au programu unayoijua. Ya kwako itaonyesha cmd.exe au wscript.exe, ikifuatiwa na jina la hovyo hovyo linaloishia na .vbs au .js. Ukiona hivyo, usibofye tena.

Tiba ina mpangilio na wengi wanakosea hapo. Anza na kompyuta, flashi baadaye. Ukisafisha flashi halafu ukaichomeka kwenye laptopu yenye ugonjwa, inaambukizwa tena kabla hujakaa sawa. Fungua Windows Security, nenda sehemu ya kuskani, chagua ile ya Microsoft Defender (antivirusi iliyomo ndani ya Windows) ya nje ya mfumo, iliyoandikwa "offline". Kompyuta itajizima na kuwaka upya, itaskani Windows ikiwa haijaamka, maana kirusi kilichokwisha kuamka kina mahali pa kujificha. Ikimaliza, ndipo uchomeke flashi bila kufungua chochote ndani yake, uiskani nayo. Kisha fungua Command Prompt, lile dirisha la kuandikia amri, uandike hivi, E ikiwa ndiyo herufi ya flashi yako:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Hiyo inaondoa ule ufichaji. Mafaili yako hayajaenda popote, yalikuwa humo humo muda wote. Nakili unayoyahitaji, fomati flashi.

Na ukiwa humo, washa kompyuta ionyeshe herufi za mwisho za majina ya mafaili. Windows huzificha zenyewe, ndiyo maana "picha_harusi.jpg.exe" unaiona "picha_harusi.jpg" na unaamini ni picha.

Sasa chanzo. Steshenari za jirani na vyuo, kuanzia Mlimani mpaka Changanyikiwa, kompyuta moja inapokea flashi za watu asubuhi hadi jioni. Hawa si watu wabaya, hiyo ni njia panda tu. Na wale wanaokuingizia muvi na tamthilia zilizotafsiriwa, hivyo hivyo. Mimi nimeweka flashi mbili: moja ya kwenda nje, ina PDF ninayochapisha na hakuna kingine, ikirudi inafomatiwa. Nyingine haitoki ndani.

Wengine watasema tuma kwa WhatsApp ya steshenari. Inaepusha virusi, ndiyo, ila nakala ya kitambulisho chako cha NIDA itabaki kwenye simu ya mtu usiyemjua. Hiyo nayo ni kesi, tusiifungue leo.

---

Mzee wa Kimara

Kijana, uzi mzuri. Mimi mstaafu, laptopu natumia kwa barua pepe na mambo ya shamba. Yule kijana aliyenitengenezea alizima apdeti zote akasema zinakula bando. Ni kweli zinakula. Sasa nimezima, nina makosa gani?

---

Fundi Mabibo

Shikamoo mzee wangu.

Aliyekuzimia hakuwa na nia mbaya, bando linauma kweli. Lakini hapa ndipo ile hoja yangu ya "unafungua mwenyewe" inapopata doa, wacha niseme ukweli. Tarehe 12 Mei 2017 mnyoo wa kufunga mafaili uitwao WannaCry ulizunguka dunia. Ulikumba kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi takriban 150, na hospitali za Uingereza zikalazimika kurudisha wagonjwa nyumbani. Hakuna aliyehitaji kubofya kitu. Ulipita kwenye tundu lililokuwa ndani ya Windows, kwenye sehemu inayotumika kushirikishana mafaili, ukaruka mashine hadi mashine.

Ila sasa: apdeti ya kuziba tundu hilo Microsoft ilishaitoa tarehe 14 Machi mwaka ule ule. Miezi miwili kasoro siku chache. Waliokuwa wameapdeti waliangalia tu habari kwenye TV.

Kwa hiyo mzee, usizime, ibane. Kwenye setingi za Wi-Fi, bofya jina la hotispoti yako na uwashe kile kipengele cha "metered". Windows itaacha kushusha mizigo mikubwa bila ruhusa. Kisha mara moja kwa wiki, ukiwa na bando la usiku, unaingia mwenyewe unairuhusu ishushe. Orodha ya virusi ya Defender ni ndogo, hiyo iache ijishushe kila siku.

Nikuulize, hiyo laptopu ni Windows ngapi?

---

Mzee wa Kimara

Marahaba. Ni 10. Nilinunua Kariakoo, HP ya kijivu, imetumika Ulaya.

---

Fundi Mabibo

Nimeielewa, tunazo nyingi hizo. Windows 10 Microsoft iliacha kuitolea apdeti za bure za usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa mtumiaji wa nyumbani kuna nyongeza ya mwaka mmoja, mpaka Oktoba 2026, lazima ujiandikishe kwenye ukurasa ule ule wa apdeti kwa kutumia akaunti ya Microsoft. Fanya hivyo kwanza, upate pumzi.

Baada ya hapo inategemea mashine. Windows 11 inataka kichipu cha usalama cha TPM 2.0 na, kwa Intel, kwa kawaida prosesa kuanzia kizazi cha nane. Kama ni EliteBook 840 G3 hiyo ni kizazi cha sita, haikubaliki rasmi. G5 yenye prosesa ya kizazi cha nane inapita. Wanaonunua Kariakoo sasa hivi, msitazame ukubwa wa RAM peke yake, ulizeni kizazi.

---

mangi_wa_tegeta

Haya fundi, tumekusikiliza. Sasa mimi nibishe. Unasema kraki mbaya. Leseni ya Windows na Office ni laki ngapi? Mtu kanunua laptopu ya mtumba kwa kujibana, umwambie aongeze hela nyingine kununua karatasi? Sisi wote tumekulia kwenye kraki na tuko hai. Mimi nina IDM, ile programu ya kushushia mafaili, ya kraki tangu niko chuo. Nunua antivirusi nzuri basi, yaishe.

---

Fundi Mabibo

Mangi nilikuwa nakusubiri. Nitajibu kwa urefu, maana hapa ndipo penyewe.

Chukua kraki yoyote uliyowahi kushusha. Ndani ya zipu kuna faili la maelezo. Mstari wa kwanza au wa pili unasema nini? Zima antivirusi kabla ya kuendelea. Na zipu yenyewe ina paswedi, kwa kawaida 1234 au jina la tovuti. Umewahi kujiuliza paswedi ya nini kama wameiandika pembeni hapo hapo? Ni ili brauza na antivirusi zisiweze kuchungulia ndani wakati unashusha. Kisha unaambiwa uifungue kwa haki za msimamizi wa kompyuta. Kwa maneno mengine: umefunga macho ya mlinzi, umemtuma nyumbani, halafu umempa mgeni funguo za vyumba vyote. Antivirusi ya laki moja itakusaidia nini wakati umeizima kwa mkono wako?

Ubaya zaidi kraki inafanya kazi. Office inafunguka. Mwizi mwenye akili hakupi kraki mbovu, anakupa nzima, ili usirudi kuitafuta sababu. "Tuko hai" si ushahidi, mwizi wa kimya kazi yake ni wewe uendelee kuwa hai na kuingia benki.

Sasa kuhusu hela, hapa una hoja na sikupuuzi. Lakini sikia jambo ambalo mafundi wengi wanaruka. Zile laptopu za ofisi zinazotoka nje, EliteBook, Latitude, ThinkPad, nyingi zilitoka kiwandani na leseni halali ya Windows, na kuanzia enzi za Windows 8 ufunguo wake umechomekwa ndani ya bodi yenyewe. Ukipiga Windows safi, iliyoshushwa tovuti ya Microsoft, ya toleo lile lile, yaani kama ilikuwa Pro unapiga Pro, ukiunganisha intaneti mara nyingi inajihalalisha yenyewe. Bure. Mteja kalipia kraki ya kitu alichokuwa nacho tayari! Fundi anakuja na flashi yake ya Windows iliyopikwa na mtu asiyemjua, imewekwa kila kitu humo, anaipiga kwenye kila mashine kwa sababu ni haraka.

Jipimeni wenyewe. Shikilia kitufe cha Windows, bonyeza R, andika slmgr /xpr kisha Enter. Ikisema imehalalishwa moja kwa moja, hiyo ni dalili nzuri. Ikikupa tarehe ya kwisha, isiyozidi siku 180 kutoka leo, na laptopu si mali ya kampuni au chuo kinachosimamia leseni zake, basi uliwekewa kraki ya KMS, inayoiga mfumo wa leseni za makampuni, na kuna programu humo inaamka kila mara kuongeza siku. Programu hiyo imeandikwa na nani? Watafiti wa usalama walishakuta mwaka 2021 nakala za KMSPico zikiwa zimebeba mwizi wa paswedi anayeitwa CryptBot.

Office je? LibreOffice ni bure na halali, inafungua docx na xlsx. Mpangilio unacheza kidogo kwenye majedwali magumu, sitakudanganya. Word na Excel za kwenye brauza pia ni bure ukiwa na akaunti ya Microsoft. Na hata Windows ambayo haijahalalishwa inawaka, inapokea apdeti, inakubandikia maandishi pembeni ya skrini na kukunyima kubadilisha picha ya nyuma. Sishauri mtu aishi hivyo, masharti ya leseni hayaruhusu, lakini ukinishikia panga nichague kati ya hiyo na kraki, kirusi hakitoki kwenye maandishi ya pembeni.

Antivirusi ya kununua sikukatazi. Kwa mtu wa nyumbani Defender iliyomo ndani ya Windows inatosha, mradi iwe imewashwa. Nikiletewa laptopu yenye antivirusi mbili zinagombana, moja ya majaribio iliyokwisha muda, najua kwa nini ni nzito hata kabla sijaifungua.

---

Teja wa Linux

Wekeni Linux mlale usingizi. Uzi ufungwe.

---

Fundi Mabibo

Teja, Linux ni mfumo wa bure unaowekwa badala ya Windows, na kwa mzee wa barua pepe na brauza sikupingi kabisa, ile HP yake, kama ni ya kizazi cha sita, ingefufuka. Ila mtu wa QuickBooks, programu ya mahesabu ya biashara, au wa mashine ya kudarizi hutamsaidia. Na mwizi wa paswedi kwenye tovuti feki haulizi unatumia mfumo gani.

---

Dogo wa Mlimani

Wakuu naombeni msaada wa haraka. Jana usiku nimeshusha programu ya takwimu ya kraki, nimeinstoli, ikatokea skrini ya "Windows Update" katikati ikizunguka, nikaiacha nikalala. Asubuhi mafaili yote, Word, picha, PDF, yameongezewa herufi nne mwisho wa jina na hayafunguki. Kila folda ina faili linaitwa _readme.txt linataka dola 980, ukiwahi ndani ya saa 72 ni 490. Tasnifu yangu ipo humo. Naomba msinicheke.

---

Fundi Mabibo

Hakuna anayekucheka dogo. Zima Wi-Fi sasa hivi, chomoa eksteno (diski ya nje) na flashi yoyote, usiifomati.

Maelezo yako yanalingana na familia inayoitwa STOP, au Djvu. Hii haiendi kwa makampuni makubwa, inawinda watu wa nyumbani, na kraki ndiyo njia yake kuu. Ile skrini ya apdeti ilikuwa geresha, ikuache ulale wakati inafunga. Huwa inafuta pia zile nakala za ndani za Windows za kurudisha mafaili, na kuharibu faili la hosts, linaloielekeza kompyuta tovuti ilipo, ili usiweze kufungua tovuti za usalama. Kwa hiyo tumia simu au kompyuta ya mwenzako kusoma haya.

Usilipe. Kwanza 490 huna, pili unayemlipa ni mtu yule yule. Kuna tovuti ya No More Ransom, iliyoanzishwa Julai 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni mbili za usalama, ina vifunguzi vya bure vya familia nyingi. Kwa STOP kifunguzi ni cha kampuni ya Emsisoft. Hakifungui kila kitu. Angalia mwisho wa _readme.txt kuna namba yako binafsi, mstari mrefu wa herufi. Kama inaishia na t1, ina maana kirusi hakikuwafikia wenyewe kwenye seva yao wakati wa kufunga, kikatumia ufunguo wa pamoja, na ufunguo huo ukishapatikana unafungulia watu wote. Kama haiishii hivyo, ufunguo ni wako peke yako na wanao wao.

Huku ukiangalia, jiulize tasnifu ilishawahi kupita wapi. Ulimtumia msimamizi sura kwa barua pepe? Ulichapisha? Ulijitumia WhatsApp? Watu wanasahau kwamba kuna nakala.

Video na nyimbo zisikutie presha sana, kirusi hiki hufunga takriban KB 150 za mwanzo za kila faili tu ili kiwahi, kwa hiyo faili kubwa mara nyingine linatengenezeka. Faili la Word ni dogo, linaliwa lote au karibu lote.

Na moja zaidi: familia hii mara nyingi huja na mwizi wa paswedi. Badilisha paswedi za barua pepe na benki leo, kutoka kwenye simu, si kwenye laptopu hiyo.

---

Binti Kigamboni

Hapo kwenye paswedi kaka fundi umenigusa. Nina ukurasa wa kuuza vipodozi mtandaoni. Nilitumiwa "mkataba wa tangazo" kwenye zipu yenye paswedi, nikaufungua kwenye laptopu, haukuonyesha kitu. Kesho yake ukurasa umehamia mikononi mwa mtu mwingine. Na nilikuwa nimewasha ile ya kutumiwa namba kwa SMS! Imewezekanaje?

---

Fundi Mabibo

Paswedi peke yake isingetosha, uliibiwa kidakuzi. Ukishaingia kwenye akaunti na kujibu ile namba ya SMS, tovuti inaipa brauza yako alama inayosema huyu ameshathibitishwa. Ndiyo maana huulizwi paswedi kila asubuhi. Mwizi anachukua alama hiyo, anaipandikiza kwenye brauza yake, tovuti inamwona ni wewe. Namba haiulizwi tena kwa sababu ulishaijibu.

Mwaka 2025 Microsoft ilisema iliona kompyuta za Windows zaidi ya 394,000 zenye mwizi mmoja tu wa aina hii, Lumma, kati ya Machi 16 na Mei 16. Mmoja tu huyo.

Kwa hiyo ukipatwa: tumia kifaa kingine kilicho safi, tafuta sehemu ya "toka kwenye vifaa vyote", hiyo ndiyo inayoua vidakuzi vilivyoibiwa, kisha badilisha paswedi. Ukianza na paswedi kwenye laptopu yenye mwizi umempa mpya.

Na kuna geni la siku hizi: ukurasa unakuambia uthibitishe wewe si roboti, kwa kubonyeza kitufe cha Windows na R, kisha Ctrl na V, kisha Enter. Wamekunakilishia amri bila wewe kujua, unaibandika na kuiendesha mwenyewe. Hakuna tovuti halali inayokuomba hivyo. Mkiona, fungeni ukurasa. (Slmgr niliyowapa juu mnaiandika kwa mkono, herufi kwa herufi, na mnajua inafanya nini.)

---

Mzee wa Kimara

Sasa kijana, mimi nifanye nini jioni hii, kwa kifupi? Macho yanachoka.

---

Fundi Mabibo

Mzee wangu, jioni hii nunua au azima eksteno, nakili picha na nyaraka zako zote, halafu ichomoe uiweke kabatini. Kuichomoa ndiyo muhimu. Eksteno iliyobaki imechomekwa inafungwa pamoja na kompyuta. Nyaraka chache za lazima, hati ya kiwanja na vyeti, ziweke pia Google Drive, wanatoa GB 15 bure.

Kesho ukipata nguvu, jitengenezee akaunti ya pili ya Windows isiyo ya msimamizi, hiyo ndiyo uitumie kila siku. Wajukuu wakija kushusha magemu, kompyuta itadai paswedi ya msimamizi ambayo unayo wewe. Haizuii kila kitu, mfungaji bado anaweza kufunga mafaili ya akaunti hiyo, lakini haingii kwenye mizizi ya mfumo kirahisi.

Skrini ikijaa wekundu na sauti ya kizungu ikikwambia upige namba ya simu kwa sababu una virusi, huo ni ukurasa tu wa tovuti. Funga brauza. Usipige.

---

mangi_wa_tegeta

Fundi nimepiga ile slmgr. Imenipa tarehe. Na hii ni ThinkPad.

---

Fundi Mabibo

Hahaha. Nakili mafaili yako, ila usinakili folda ya "setups" uliyorithi chuo, hiyo ndiyo kiota. Shusha Windows kwa Microsoft, piga Pro, usiweke ufunguo wowote ikikuuliza, ruka. Utaniambia.

---

Dogo wa Mlimani

Fundi, namba inaishia na t1. Na nimekuta sura tatu za kwanza kwenye barua pepe ya msimamizi. Sura ya nne na data ndizo ziko humo.

---

Fundi Mabibo

Safi sana. Sasa taratibu. Nakili mafaili yaliyofungwa pamoja na hiyo _readme.txt kwenye eksteno tupu, yabaki kama yalivyo, tusiyaguse. Kisha laptopu isafishwe kabisa kwanza, maana ukifungua mafaili wakati mfungaji bado yuko hai anayafunga tena. Baada ya hapo ndipo kifunguzi cha Emsisoft, kinahitaji intaneti, na tunakijaribisha kwenye nakala ya faili moja lisilo na maana. Kikisema ufunguo wa aina yako bado haujapatikana, eksteno inakaa, unajaribu tena baada ya muda, wewe huku unaandika sura ya nne upya.

Nipo kuanzia saa tatu asubuhi. Njoo na chaja, betri za hizo mashine nazijua.